Ndege Isiyo na Magurudumu

Magurudumu yalipovunjika, Fundi Meno alitangaza kwamba ndege itakuwa angani.

"Angani wapi?" mkewe aliuliza, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Itakaa kama inaruka. Ndege ikishapaa inakunja miguu. Kwa hiyo magurudumu hayahitajiki."

Mama Sare alichungulia chini ya meza. Vijiti viwili vya plastiki vya kushikia magurudumu, vyembamba kama njiti za kiberiti, vilikuwa sakafuni karibu na kiti cha mumewe. Cha tatu kilikuwa bado vidoleni mwake, kimekatika katikati. Alikuwa ameshona sare za shule nusu ya maisha yake, na alijua kwamba fundi akikata suruali fupi mno, heshima yote iliyobaki ni kusema tangu mwanzo alikusudia kaptula.

"Basi iwe angani," alisema, akaukata uzi kwa meno.

Ndege yenyewe ilikuwa bado vipande ndani ya boksi. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, ndiye aliyeituma baada ya mtaalamu wa mazoezi pale hospitali kusema kwamba mkono wa kulia wa baba unahitaji kazi ndogondogo kila siku, usije ukasahau ulichokuwa ukijua. Mtaalamu alipendekeza kutunga shanga. Fundi Meno alimwuliza shanga hizo zikishatungwa atazivaa nani. Ndipo likaja boksi, juu yake pamechorwa ndege ya kivita ya zamani, ya propela, ikipinda katikati ya mawingu huku ikitema moto. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vingine vidogo kuliko jino la mtoto, na karatasi ya maelekezo ya picha tupu.

Yeye alichokijua ni meno. Kabla ya kiharusi alikuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja, na nusu ya wazee wa mtaa walikuwa wakicheka kwa kazi ya mikono yake. Sasa mkono ule ulishika kijiko kama sepetu. Daktari wa meno, mwenye kliniki, alikuja kumjulia hali, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema kwa upole, "Mzee wangu, nafasi yako ipo mpaka shule zifunguliwe. Baada ya hapo itanibidi nimpe yule msichana wako." Msichana mwenyewe, aliyefundishwa kazi na Fundi Meno, alikuwa amekuja pia siku ile. Alibaki amesimama mlangoni, ameshindwa kumtazama mwalimu wake machoni.

Kwa hiyo ndege ilikuwa na tarehe ya kupaa, ingawa hakuna aliyeitaja.

Jambo lenyewe lilianza kwa kitambaa cha vumbi.

Kila alasiri jirani yao, mstaafu aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alikuja kumchukua Fundi Meno watembee mpaka kona ya barabara na kurudi. Alasiri moja, wawili hao wakiwa nje, Mama Sare alipitisha kitambaa mezani na bawa la kulia likaanguka. Moyo ulimpasuka. Mumewe alikuwa amelihangaikia bawa lile tangu asubuhi, jasho likimtoka kama mchimba kisima. Aliliokota, akaligeuza, akaona kwa nini limeanguka. Lilikuwa limekaa upande, gundi imefura kama uji, na ukingo wake haukukutana na kiwiliwili. Ungekuwa mkono wa shati, angeufumua.

Akafumua. Alichukua kifumulio chake cha nyuzi, akakwangua gundi iliyokauka, akapitisha msasa, akapaka gundi mpya kwa ncha ya sindano, kisha akalibana bawa kwa vibanio vya nguo na kulizungushia uzi lisicheze. Waliporudi kina Redio, uzi na vibanio vilikuwa vimeshaondolewa, na yeye yuko cherehanini anashona mfuko wa shati kwa bidii ambayo mfuko haukuihitaji.

Fundi Meno aliketi, akaiinamia meza. Alikaa hivyo mpaka Mama Sare akapoteza mshono.

"Mama, hebu njoo uone."

"Nini tena?"

"Hili bawa. Nililiacha limekaa hovyo. Sasa limekaa sawa."

"Labda ulilikalisha sawa, ukachoka tu kuliangalia."

"Ni gundi," alisema mwishowe. "Nta ya kuchongea meno ikipoa inajikunja. Plasta ikikauka inavimba. Miaka yote hiyo vitu vinaniharibikia vikikauka. Hii gundi ikikauka inavuta kitu mahali pake. Hawa watu wana akili."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, alishika kijiko kwa mkono wa kulia bila kuombwa. Nusu ya chakula iliishia mapajani. Mama Sare alikwenda jikoni kutafuta chumvi iliyokuwa mezani, akasimama huko kidogo mpaka macho yakakauka.

Tangu siku hiyo, kila alasiri ndege ilipata fundi wa pili.

Kuiweka ndege angani kulileta kazi ambazo hawakuzitarajia. Kwanza, ndege inayoruka lazima iwe na mtu ndani. Rubani alikuwa kipande cha plastiki kisichozidi harage, na Fundi Meno alipompaka rangi, alitoka amevimba shavu moja kama mgonjwa anayesubiri kung'olewa. Alasiri Mama Sare alimfuta kwa pamba, akampaka upya kwa brashi ya nywele tatu. Kwa kuwa hakujua marubani wanakuwaje wakiwa kazini, alimpa uso wa mtu anayepimwa nguo: ametazama mbele, amebana pumzi.

Pili, propela. "Ikizunguka, mapanga hayaonekani," Fundi Meno alieleza. "Unaona duara tu, tena kama moshi." Akakata duara kutoka kwenye plastiki angavu ya boksi la shati. Duara lile lilikuwa na pembe. Kesho yake halikuwa nazo.

Redio alipoiona, aliizunguka meza mara mbili.

"Ile feni ya mbele mmeipeleka wapi?"

"Inazunguka," alisema Fundi Meno.

"Mbona siioni?"

"Ndiyo dalili kwamba inazunguka."

Redio aliikubali hoja ile, akahamia nyingine. "Na huyu bwana anakwenda kupigana na nani?"

"Hajaambiwa."

"Kama jeshini kabisa," alisema Redio, ambaye hakuwahi kuwa jeshini.

Tatu, waya. Fundi Meno alitumia waya mgumu wa kushikia meno ya bandia, akamwomba seremala wa jirani kipande cha ubao chenye tundu, na ndege ikasimama juu ya waya, pua juu, bawa moja limelala, vilevile kama kwenye picha ya boksi. Lakini Mama Sare alikuwa mtu wa pindo zilizonyooka. Kila alipopita na kitambaa, mkono wake wenyewe uliinyoosha.

"Nani anainyoosha hii ndege?"

"Imeinama, Baba."

"Imeinama kwa sababu inakata kona!"

"Na kona yenyewe lazima ikatwe sebuleni kwangu?"

Redio alicheka mpaka akashika mlango. Huo ndio ugomvi pekee walioupata juu ya ndege ile, na ulimfaa sana Mama Sare. Mtu anayelaumiwa kila siku kwa kuinyoosha ndege hashukiwi kuijenga.

Wiki ya mwisho ya likizo ndege ilimalizika, na Redio alihakikisha mtaa mzima umejua. Habari zilifika kliniki, Daktari akaja mwenyewe.

Hakukaa; hata maji aliyoletewa na Mama Sare aliyanywa amesimama. Aliinama mezani, mikono nyuma, akatazama kila mahali. Kisha akapitisha ukucha pale bawa lilipokutana na kiwiliwili, polepole, kama anayetafuta tundu kwenye jino.

"Haishiki ukucha," alisema. "Mzee, hii umeifanya kwa mkono upi?"

"Wa kulia," alijibu Fundi Meno. "Wa kushoto ulikuwa unashikia tu."

Cherehani ilinyamaza.

"Basi Jumatatu rudi kazini." Daktari alijinyoosha, uso umemchanua. "Nina mwalimu mmoja kaanguka na pikipiki, meno manne ya mbele hana. Shule zinafunguliwa, na hawezi kusimama mbele ya watoto vile, watamla mbichi. Nilitaka kumpa msichana, lakini meno ya mbele tangu zamani ni yako. Halafu ndege uje nayo. Tutaiweka mapokezi, wagonjwa waone mikono inayowahudumia."

Walipeana mikono, ya kulia. Fundi Meno aliushika mkono wa Daktari muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, kama anayetaka kumwonyesha kwamba unashika. Akiwa mlangoni Daktari alikumbuka adabu. "Asante kwa maji, mama."

"Karibu tena."

Redio, aliyekuwa ameingia na Daktari, alibaki. "Shemeji, umesikia? Jumatatu!"

"Nimesikia."

"Mbona sura kama umefiwa?"

"Nina suruali za watu hazijapigwa pasi."

"Mwanamke huyu!" Redio alimwambia Fundi Meno. "Akifunguliwa milango ya peponi, atauliza kwanza nani anaifagia."

Jumapili mchana Mama Sare alikuwa akipiga pasi koti jeupe la kazini. Alimaliza mgongo, akamaliza kola, akafika mkono wa kulia, na pasi ikakataa kwenda mbele. Mumewe alikuwa mezani, amefungua pakiti ya nta aliyoikuta kabatini, akijaribu kuchonga jino la mfano. Kichongeo kilimponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena.

"Si kitu," alijisemea. "Likikauka litakaa sawa."

Mama Sare aliisimamisha pasi.

"Baba, usiende kesho."

"Kwa nini, mvua?"

"Halitakaa sawa. Na bawa halikukaa sawa. Nililifumua mimi."

Fundi Meno alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Ulipokuwa unatoka na Redio, nilikuwa nakaa hapo ulipokaa. Bawa lilianguka nikipangusa. Nikalirudisha. Kesho yake nikarudisha jingine."

"Gundi..."

"Gundi ni gundi tu, Baba."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye ukuta wa jirani. Fundi Meno alinyoosha mkono, wa kushoto, akaivuta ndege mpaka mbele yake.

"Bawa la kulia wewe. La kushoto?"

"Mimi."

"Mkia?"

"Mkia mimi. Ulikuwa umeuweka kinyume."

"Hizi alama za kubandika?"

"Uliziweka. Mimi nikaziloweka nikazinyoosha."

"Rubani?"

"Alikuwa amevimba shavu."

"Nilijiambia rangi imetulia," alisema, si kwa yeyote. Kisha, "Duara?"

Mama Sare alitikisa kichwa tu kukubali.

Aliendelea kuuliza, kipande kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, naye alijibu kila kimoja bila kukipamba. Mama Sare alitamani mumewe apandishe sauti. Angemrushia ndege, angejua la kufanya. Ndege hakuirusha. Alipofika juu ya kichwa cha rubani, alisita.

"Na kioo hiki?"

"Hicho sikukigusa. Niliogopa. Gundi ikikigusa tu, kinaonekana mpaka barabarani."

"Kilikuwa na mikwaruzo."

"Kilikuwa nayo. Halafu ikaondoka, nami sikuwapo."

"Nilikisugua kwa dawa ya meno," alisema. Alikitazama kwa upande, kisha kwa juu. "Kidole gumba, mzunguko mmoja, hivyohivyo siku nzima. Kusugua hakuhitaji kushika. Kunahitaji kurudiarudia." Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeanza kuzunguka chenyewe juu ya meza.

Mama Sare aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi, mumewe akiwapo, kukaa kiti kisicho cha cherehani.

"Kwa nini?" aliuliza mumewe.

"Mara ya kwanza ilikuwa woga. Halafu jioni ile ukala kwa mkono wa kulia."

"Nilikula kwa sababu nilidhani nimepona."

"Najua."

"Ningempa yule mwalimu meno yaliyokaa upande. Angesema 'habari za asubuhi watoto' yakatoka yakaenda kukaa dawati la mbele."

Mama Sare alibana midomo. Haikuwa wakati wa kucheka, na hicho ndicho kilichofanya iwe vigumu.

"Usicheke. Umeniaibisha."

"Bado, Baba. Ndiyo maana nimesema leo."

Fundi Meno aliisogeza ndege pembeni. Alikusanya nta, vipande vyote, hata vile vya sakafuni, akavirudisha kwenye pakiti. Ilimchukua muda. Mke wake aliona mkono ukitetemeka na akaikaza mikono yake mwenyewe mapajani, isije ikaenda kumsaidia.

"Maliza hilo koti," mumewe alisema hatimaye. "Mkono mmoja una makunyanzi."

Jumatatu walikwenda pamoja, Fundi Meno mbele kidogo, Mama Sare nyuma amebeba ndege ndani ya boksi la shati. Mapokezi palikuwa na wagonjwa wawili, mmoja ameshika shavu, mwingine mwanamume aliyefunika mdomo kwa leso. Mama Sare alimjua mara moja kuwa ndiye mwalimu.

Daktari alitoka akiwa na tabasamu. "Mzee wangu! Iweke hapo juu, watu waone."

Mama Sare aliiweka juu ya meza ya mapokezi. Mgonjwa mwenye shavu alisahau shavu.

"Daktari," alisema Fundi Meno, "hii si kazi yangu. Mimi niliianza. Aliyeijenga ni mke wangu, nami sikujua mpaka jana."

Daktari alitazama ndege, akamtazama Mama Sare, akarudi kwenye ndege. Alicheka kidogo, kama mtu anayengoja wenzake waanze. Hakuna aliyeanza.

"Tuingie ndani, mzee, tuzungumze."

"Hapa panatosha. Meno ya mwalimu mpe msichana, atayaweza, nilimfundisha mwenyewe. Kilicho changu humu ni kioo cha juu. Nilikisugua kwa mkono huu." Akauinua kidogo, kadiri ulivyokubali. "Nimekuja kuomba kusugua."

Mwalimu aliishusha leso bila kujua, akaipandisha haraka.

Daktari aliinua ndege mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama kioo muda mrefu. Mama Sare naye alimtazama Daktari, akaona kwamba anapiga hesabu, na kwamba hesabu yenyewe inamwuma.

"Kuyasugua meno yang'ae ni kazi ya wanaoanza," alisema Daktari. "Msichana ndiye atakuwa mkuu wa chumba. Na mshahara hautakuwa ule."

"Sikudhani utakuwa ule."

"Atakutuma, mzee."

"Nilimtuma miaka minne. Anajua mtu anavyotumwa."

Kisha Daktari alifungua mlango wa nyuma, akasimama pembeni kumpisha. Msichana alikuwa ndani, amevaa miwani ya kazi, na ilionekana amesikia yote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nikae wapi?"

Msichana aligeuka huku na huku, kana kwamba chumba kile hakijawahi kuwa na viti. Kiti kirefu cha dirishani, kilichokuwa cha Fundi Meno, kilikuwa na koti lake msichana mgongoni. Alianza kuliondoa.

"Liache," alisema Fundi Meno. "Mashine iko wapi siku hizi?"

"Kule, karibu na sinki."

Alikwenda karibu na sinki, akakaa kwenye kigoda. Mlango ukabaki wazi kidogo.

"Na ndege?" Daktari aliuliza kwa sauti, akiwa bado ameishika. "Inabaki mapokezi?"

"Mwulize mwenyewe," ilijibu sauti ya ndani.

Daktari aligeuka. Mama Sare alikuwa amefika kliniki ile mara nyingi, akileta chakula cha mchana na mwavuli uliosahauliwa nyumbani, na hakukumbuka siku ambayo daktari huyu alimgeukia mzimamzima, mabega na miguu.

"Mama, unaturuhusu tuiweke hapa?"

Mama Sare alikuwa amegeuzia sikio mlangoni. Mule ndani mashine ya kusugulia iliwashwa, ikanguruma, ikagusa kitu, ikakwaruza vibaya. Ikazimwa. Vidole vya Mama Sare vilijikunja kwenye boksi tupu. Kutoka pale mpaka sinki hazikuwa hatua nyingi.

Hakuzipiga. Mashine iliwashwa tena, ikagusa, ikakwaruza, ikaendelea kugusa, na polepole mkwaruzo ule ukalainika ukawa mvumo mmoja mrefu.

"Ulisemaje, Daktari?" alisema Mama Sare. "Samahani, nilikuwa nasikiliza."